Msumari wa Chini Kabisa

8 Februari

Mume wangu,

Hivi umekufa au umeoa? Maana ni mambo hayo mawili tu ninayoyajua yanayomsahaulisha mwanaume njia ya kwao, na ungekuwa umekufa wangeshaniletea habari. Mara ya mwisho ulipokanyaga hapa, paka alikuwa na mimba. Wale watoto wake sasa wana watoto wao, na wanauliza babu yao yuko wapi. Niwaambie nini?

Na usiniambie ulipiga simu. Simu zako nazijua: "Bibi hujambo, Bibi salio linaisha." Sitaki kuongea na kitu kinachokimbia. Ndiyo maana nimemkalisha Fundi Cherehani hapa kibarazani, anaandika ninachosema kama ninavyosema. Alitaka kuanza na "natumaini barua hii itakukuta u mzima." Nimemkatalia. Mzima mtu gani asiyekuja kwao?

Habari zako nazipata kwa muuza magazeti. Eti kile chuo chako cha ualimu, ambacho hata kondakta alikuwa hajui ashushie watu wapi, kimewafunga tenisi wale wa chuo kikubwa wenye uwanja wa taa. Na picha yako ipo, umekunja uso kama umelishwa ndimu. Nimeibandika pale bombani. Kila anayekuja kuchota maji namwonyesha: "Huyu ndiye aliyenivunjia vioo vya madirisha kwa mpira. Leo wanamlipa kwa kazi hiyo hiyo."

Sasa sikiliza. Mdogo wako wa kike, Sindano, ameingia hapo chuoni kwako, unajua. Baba yake, yaani mjomba wako, amenijia hapa na sura ya kufiwa. Anasema chumba cha kupanga huko kinamshinda, na kama mtoto hapati kitanda bwenini mpaka muhula huu uishe, anamrudisha nyumbani akae dukani kupima misumari na kukoroga rangi. Nimeuliza nikaambiwa wachezaji wako wa kikosi wanalala bwenini bila kulipa. Basi. Sindano anacheza, umemfundisha mwenyewe kwenye ukuta wangu. Timu ni yako. Mweke. Sikuombi mambo mengi, nakuomba neno moja: mweke.

Nijibu. Na uje.

Bibi yako,
Bibi Bomba
(kwa mkono wa Fundi Cherehani)


17 Februari

Bibi mke wangu,

Shikamoo. Sijafa na sijaoa. Nitamwoa nani na wewe upo?

Nisikilize mpaka mwisho kabla hujamnyang'anya Fundi karatasi.

Nilipofika hapa hapakuwa na uwanja. Palikuwa na saruji nyuma ya jiko, malori ya kuni yakigeuzia hapo. Wavu wetu wa kwanza tuliushona kwa magunia ya vitunguu, ukiokota mpira mkono unanuka mpaka kesho. Mipira yenyewe ilikuwa na vipara. Mistari tulichora kwa vipande vya chaki, mvua ikinyesha tunachora upya. Wanafunzi wakija kutucheka nawapa fagio. Nahodha wangu wa kwanza alikuja kucheka.

Kwenye ukuta wa stoo nilipiga misumari, mmoja juu ya mwingine. Kila mchezaji ana kibao chenye jina lake la utani. Anayeingia anatundika kibao chake kwenye msumari wa chini kabisa, awe nani, atoke wapi. Akitaka kupanda, anamwita aliye juu yake wacheze, watu wakiona. Akishinda, yule aliyeshindwa ndiye anayebadilisha vibao kwa mkono wake mwenyewe. Sita wa juu ndio kikosi. Mimi sigusi kibao, Bibi. Tangu nianze sijakigusa hata kimoja. Hicho ndicho tulichowafungia wale wa uwanja wa taa, si uchawi. Kila mtu kwenye ile sita anajua amefikaje pale, na wa saba anajua kwa nini ni wa saba.

Na unajua nilikojifunza. Ufunguo wa bomba la mtaa mzima ulikuwa shingoni mwako, na ndoo yetu ilikaa kwenye foleni kama za wengine. Siku ile nina homa, jirani akakuambia, "Bibi, chota wewe kwanza, mtoto anaumwa." Ukamjibu, "Ndoo haina homa." Nilikuwa nimelala dirishani nikakusikia. Nilikuchukia siku hiyo. Leo ndiyo kazi yangu.

Mkuu wa chuo naye ana binti, mwaka wa kwanza kama Sindano. Amefundishwa kwenye klabu ya mjini, analetwa na gari la baba yake vioo vimefungwa, wenzake wamempa jina la Kiyoyozi. Mkuu anataka nimweke kikosini. Nimemwambia atundike chini. Hajafurahi, na ufunguo wa stoo anao uwezo wa kuuchukua, na mimi pamoja nao. Nikimweka Sindano leo, kesho nitamtazama Mkuu kwa macho gani?

Hata kile chumba changu cha pili nimejaza raketi, nimekataa kumpa Sindano, watu wasije wakasema. Amepanga na wenzake nyuma ya gereji. Akitaka kucheza, msumari wa chini upo wazi.

Mjukuu wako,
Kocha


25 Februari

Wewe,

Nimesomewa barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Unanipiga mimi kwa ndoo zangu mwenyewe? Ndoo na damu vimekuwa kitu kimoja lini? Ndoo ukiikosesha maji leo inasubiri kesho, haina haraka. Mtoto akirudishwa kupima misumari anakaa hapo hapo mpaka meno yanamtoka. Na chumba umekijaza raketi! Raketi zinalala ndani, ndugu yako analala gereji!

Picha yako nimeibandua bombani. Pale nimebandika tangazo la sabuni. Angalau sabuni inamsaidia mtu.

Usiniandikie.

Bibi Bomba

(Kocha, ni mimi Fundi. Kuna maneno mengine alisema nikayaacha, kalamu iliona haya. Picha hakuichana. Iko chini ya godoro lake, nimeiona nilipokuja kupima pazia.)


30 Machi

Bibi,

Umenikataza kuandika, nami naandika. Ukatae kusomewa ukipenda.

Bomba linatoa maji? Goti lako linakubali zile ngazi za kibarazani? Sindano hajambo. Zaidi ya hapo amenikataza nisiseme, na unajua mwenyewe anavyochoma.

Mkuu ameniita tena. Nimemjibu vilevile. Mipira mipya tuliyoahidiwa haijaja, tunacheza na yenye vipara kama zamani. Wanafunzi wanasema vipara vinawatosha.

Mjukuu wako hata usipotaka,
Kocha


14 Aprili

Mume wangu, mume wangu, mume wangu!

Sindano amempigia baba yake simu: "Baba, nimo kwenye sita!" Mjomba wako kaja hapa mbio, kiatu kimoja, na mimi nikapiga vigelegele mpaka mtu akamwaga ndoo.

Nilijua! Ulikuwa unaringa tu. Umejifanya jiwe, jiwe, kumbe ndani umelainika kama uji. Sikusemi. Mwanaume akitii huwa hapendi kusemwa. Picha imerudi bombani. Lile tangazo la sabuni nimempa Fundi afungie vitambaa.

Na mimi si mtu wa kupokea bila kushukuru. Huyo Mkuu wako ulimkatalia binti yake, halafu akakubali wa kwetu aingie. Huyo ni mtu mwenye moyo. Basi nimemkabidhi kondakta wa basi la asubuhi kuku wawili, yule mweupe na yule wa madoadoa anayetaga vizuri, amfikishie Mkuu mkononi, na maneno yangu haya: "Bibi wa Kocha anashukuru sana kwa mjukuu wake kuwekwa kwenye timu." Nimemfanya ayarudie. Alikuwa anakosea kosea, mpaka abiria wakamsaidia. Basi linaondoka wote wanayaimba.

Usinishukuru. Uje tu.

Bibi yako,
Bibi Bomba


18 Aprili

Kwa Kocha wa Tenisi

Kuhusu: Kuku wawili na uteuzi wa kikosi

Ndugu Kocha,

Jana asubuhi, nikiwa na wageni kutoka bodi ya chuo, aliingia ofisini kwangu kondakta wa basi akiwa na kuku wawili hai. Alitamka kwa sauti kubwa kwamba bibi yako anashukuru kwa mjukuu wake "kuwekwa kwenye timu". Mgeni mmoja alimwomba arudie. Alirudia.

Kwa muda mrefu umenieleza kwamba katika chuo hiki hakuna mchezaji anayewekwa, na kwa hoja hiyo hiyo umemkataa binti yangu. Nilianza kukuamini. Sasa nafahamu kwamba hakuna anayewekwa isipokuwa ndugu yako.

Unaagizwa kumwondoa mwanafunzi huyo kikosini na kumpa binti yangu nafasi hiyo kabla ya mwisho wa mwezi. Ukishindwa, utakabidhi ufunguo wa stoo na kuondoka, na chuo kitatafuta kocha mwingine.

Kuku wamehifadhiwa idara ya kilimo hadi suala hili litakapokwisha. Mmoja wao alitaga kwenye trei ya barua zinazotoka, na katibu wangu amelazimika kuchapa upya barua tatu.

Mkuu wa Chuo


20 Aprili

Bibi,

Shikamoo, na leo utanisamehe, sina utani.

Sikumweka. Nisikilize: sikumweka! Sindano alikuja stoo siku ile ile uliyoniandikia barua ya hasira, akatundika kibao chake msumari wa chini kabisa. Alishindwa mara ya kwanza. Akashindwa tena. Akawa anakuja asubuhi kabla ya darasa, anapiga mpira ukutani peke yake, mpaka mpishi akalalamika. Akaanza kupanda, mmoja baada ya mwingine. Siku aliyofika sita, aliyeshindwa alikuwa rafiki yake wa darasa, na walilia wote wawili wakati vibao vinabadilishwa. Mimi nilikuwa mkali kwake kuliko kwa wengine, muulize. Alinikataza nisikuambie kwa sababu alitaka akuambie mwenyewe akishafika, usije ukasema nimembeba. Na hivyo ndivyo ulivyosema, tena kwa kondakta, mbele ya bodi!

Mkuu ameniandikia. Nimtoe Sindano nimweke binti yake, au nikabidhi ufunguo. Nimemjibu hivi: ufunguo ni wako, chukua utakapo, lakini mkono wangu haugusi vibao. Akitaka kugusa, aje aguse yeye, wanafunzi wakimtazama.

Sindano amesema atajitoa ili nibaki. Nimemwambia akithubutu nitamfagiza uwanja mpaka ahitimu. Wachezaji wengine wamekuwa wakikaa stoo kwa zamu, wamebeba viti vyao na vitabu vyao, wanasoma chini ya vibao. Sikuwatuma.

Tafadhali usije. Usitume kitu. Usitume hata salamu.

Mjukuu wako,
Kocha


25 Aprili

Kwa Mkuu wa chuo,

Hunijui, ila kuku wangu unawajua.

Mimi ni bibi yake Kocha. Shule sikwenda, anaandika Fundi Cherehani, jirani yangu, mtu mwaminifu ila anakoroma. Nakuandikia kwa sababu nataka kuku wangu.

Niliwatuma kwa shukrani ya kitu nilichodhani kimefanyika. Nilidhani mjukuu wangu wa kiume amemweka mjukuu wangu wa kike. Nilimwomba amweke. Nilimtukana alipokataa. Nilibandua picha yake. Kumbe hakumweka, mtoto amepanda mwenyewe kutoka chini, kwa mikono yake, na mimi hapa nimekaa napiga vigelegele vya uongo. Shukrani yangu ilikosea njia, kwa hiyo na kuku walikosea njia. Nirudishie.

Sasa nikuulize wewe. Mimi sijui tenisi, mpira naujua unapovunja kioo. Lakini kama Kocha alinikatalia mimi niliyemfuta kamasi, wewe ulifikiri atakukubalia una nini? Cheo? Hicho cheo chako alikikuta hapo, na mimi alinikuta duniani.

Una binti. Anaweza kucheza au hawezi? Kama hawezi, usimtie aibu mbele ya watu. Kama anaweza, msumari wa chini unamtisha nini? Mwenye miguu haogopi kupanda. Unamtafutia njia ya mkato mtu ambaye hajasema amechoka. Umemuuliza?

Ukimfukuza Kocha, mfukuze. Atarudi kwangu, ukuta wake upo, na madirisha nimeshaweka mbao. Ataanza upya na watoto wa mtaa huu, na siku moja watakuja kuwafunga hapo hapo kwenu. Mimi nitakuja kutazama, na nitakaa mbele.

Kuku ni mweupe na wa madoadoa. Usinibadilishie. Nakuja kuwachukua mwenyewe.

Bibi Bomba

(Mheshimiwa, mimi sikoromi. F.C.)


6 Mei

Kwa Bibi,

Nimepokea barua yako. Sijapendezwa nayo.

Kwa bahati mbaya binti yangu aliisoma kabla yangu, ilikuwa mezani nyumbani. Asubuhi alikataa kupanda gari, akaenda chuoni kwa miguu, na nimearifiwa kwamba ametundika kibao kwenye msumari wa chini. Amekiandika "Kiyoyozi" kwa herufi kubwa kuliko za wengine wote. Ulisema nimuulize. Sikupata nafasi ya kumuuliza.

Nimesitisha agizo langu. Akifika msumari wa mjukuu wako, watacheza mbele yangu. Nikiona Kocha ameegemea upande wa damu yake kwa neno au kwa ishara, atakabidhi ufunguo siku hiyo hiyo.

Waweza kuja kuchukua kuku wako siku hiyo. Wa madoadoa anaatamia, na wanafunzi wa kilimo wameanza kumzoea.

Mkuu wa Chuo


22 Juni

Bibi mke wangu,

Shikamoo. Umenifanyia nini?

Unakuja na kanga yako nzuri, na tenga la kubebea kuku, unapita katikati ya uwanja wakati watu wanacheza, unamwambia mwamuzi, "Sogea baba, nipite." Halafu kati ya viti vyote unakwenda kukaa benchi moja na Mkuu. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimefunga mikono nyuma, sikuthubutu hata kukohoa. Naona midomo yenu inatembea, sisikii kitu.

Uliona mwenyewe. Sindano alicheza kama alivyocheza siku zote, na Kiyoyozi alicheza vizuri zaidi. Huyo mtoto nimemtazama tangu Mei akipanda ule ukuta. Amefagia, amechora mistari, ameshindwa na mtu anayevaa ndala, akarudi kesho yake. Mpira wa mwisho wa Sindano uligonga wavu ukarudi upande wake. Akaenda ukutani chuo kizima kikimtazama, akatoa kibao chake msumari wa sita, akatundika cha mwenzake, na chake akakishusha cha saba. Mikono yangu ilitaka kwenda kumsaidia. Ndiyo maana niliifunga nyuma.

Nilipogeuka, hukuwepo. Umeondoka na kuku wako, hata kuniaga hukuniaga.

Kesho yake Mkuu akaja stoo. Nilidhani amefuata ufunguo, nikautoa mfukoni kabla hajauomba. Akasema, "Kaa nao." Akasimama anavitazama vile vibao, muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Bibi yako huwa anatania?" Nikamjibu hapana. Akasema, "Nilihisi hivyo," akaondoka. Leo mipira mipya imeletwa, maboksi na maboksi.

Mlisemezana nini pale kwenye benchi?

Na Sindano amefungasha vitu vyake. Hayumo kwenye sita, bwenini kitanda hana, na wale wa nyuma ya gereji wamepata mpangaji mwingine. Anasema atarudi nyumbani mjomba asije akapandisha presha. Sijui nifanye nini ambacho si kumbeba.

Mjukuu wako,
Kocha


29 Juni

Mume wangu,

Sikukuaga kwa sababu ningelia, na mimi silii mbele ya wanafunzi. Nimelia kwenye basi. Kondakta yule yule, akaniuliza kama kuku wamekufa.

Unataka kujua ya benchi. Haya.

Mwanzoni hatukusemezana. Amekaa kule, nimekaa huku, tenga katikati. Mpira unapopita anageuza kichwa, na mimi nageuza, kama watu wanaokataa kitu kimoja. Binti yake aliposhinda, yule baba aliruka, akanishika mkono, nusura anivunje. Machozi yamemjaa. Ni mzazi, sikumlaumu. Halafu akakaa, akanitazama, nadhani aliona uso wangu. Akaniinamia akasema polepole, "Mama, orodha ya timu itakayosafiri kwenda mashindanoni ninasaini mimi. Nafasi ya saba naweza kuiongeza. Mjukuu wako atasafiri na binti yangu, atalala bwenini, na Kocha hatahitaji kugusa kitu. Yaishe kwa wema."

Nilitaka kusema ndiyo. Ile ndiyo ilishatoka kooni, imekaa nyuma ya meno, inasubiri nifungue mdomo. Ndicho kitu nilichokutukania tangu Februari, sasa naletewa kwenye sahani, na aliyebeba sahani ni Mkuu mwenyewe.

Nikatazama ukutani. Sindano alishamaliza kubadilisha vibao. Alishageuka kuondoka, kamasi zinamtoka, kila mtu anamwangalia. Halafu akarudi. Kile kibao cha mwenzake kilikuwa kimekaa upande. Akakinyoosha. Akarudi nyuma hatua moja akakitazama, akakinyoosha tena kidogo. Ndipo akaenda kujifuta.

Sasa mtoto wa namna hiyo mimi nimwingize kwa mlango wa uani?

Nikamwambia yule baba: "Ukimwongeza, nakuletea kuku wengine wawili. Na safari hii nitampa kondakta maneno ya kweli: 'Bibi wa Kocha analipia nafasi ya saba.' Nitamfanya ayaseme mbele ya bodi nzima, na wakitaka arudie, atarudia." Akacheka. Mimi sikucheka. Akaacha kucheka. Kisha akaniuliza kama nataka lile yai lililotagwa ofisini kwake. Nikamwambia lile ni la ofisi.

Hayo ndiyo ya benchi. Kuku wamenona, wa madoadoa ananikasirikia, amezoea kusomewa na wale wanafunzi wa kilimo.

Sasa zamu yako, na usikunje uso. Mambo ya ukutani uliyafanya sawa, na sitarudia kusema hivyo, kwa hiyo Fundi aandike vizuri. Lakini ya chumba uliyafanya kijinga. Umeogopa watu wasiseme, ukamlaza ndugu yako nyuma ya gereji. Nani alikufundisha hilo? Si mimi. Ndoo yako niliiacha kwenye foleni, ndiyo, lakini homa yako niliiuguza kwenye kitanda changu, na foleni ilikuwa inanisubiri nje inatukana. Kibao ni kibao, kitanda ni kitanda. Ukutani hana ndugu. Nyumbani anaye. Toa hizo raketi kwenye hicho chumba leo, si kesho, weka kitanda, weka pazia, Fundi anashona, rangi kachagua mwenyewe, nimeshindwa kumzuia. Atakayesema kitu mwambie aje aniulize mimi. Bomba linajulikana liliko.

Mjomba wako nimemmaliza. Alikuja na habari zake za misumari. Nimemwambia misumari ipo mingi, mtoto anaijua mmoja baada ya mwingine kuliko yeye muuzaji, na anayetaka kumrudisha dukani aanze kwa kunihamisha mimi hapa kibarazani. Amekunywa maji akaenda zake.

Na Sindano mwambie afungue huo mzigo. Safari bado haijafika, na Kiyoyozi yuko msumari mmoja tu juu yake. Amwite tena. Akishindwa, amwite tena. Kama bibi yake haoni aibu kumfuata Mkuu wa chuo kudai kuku, yeye ataona aibu gani?

Mkimaliza hizo safari zenu, uje. Umlete yeye, na umlete na yule Kiyoyozi, nataka nimwone karibu, anapiga mpira kama ana ugomvi nao. Na ukifika usipite mlango wa nyuma moja kwa moja kwenye maji ya kunywa kama ulivyozoea. Ndoo yako ya zamani ipo pale ukutani, nimeiziba tundu. Ichukue, nenda nayo bombani, iweke nyuma ya ndoo ya mtu wa mwisho, usimame hapo juani kama wengine. Mimi nitakuwa nimeshika ufunguo, na nitajifanya sikujui.

Bibi yako,
Bibi Bomba